Ugonjwa Hausubiri Mitihani Iishe

(Maneno niliyoyasema mbele ya mkutano wa ukoo wetu, ukumbi wa Skärholmen, Stockholm)

Tumekusanyika watu wa kutoka Muheza, Tanga, Dar es Salaam, Mombasa, Maskati, Leicester na Toronto, na kila mmoja ana desturi zake za kuulizana hali.

Kamati iliniomba nizungumze juu ya elimu ya vijana wetu ughaibuni. Nilikubali kwa haraka, kisha nikakaa na kalamu usiku kucha nikaona kwamba sina la maana la kusema juu ya kichwa kipana kiasi hicho. Nikaomba ruhusa nizungumzie jambo moja dogo tu, nalo ni hili: kijana anapougua wakati wa mitihani ya chuo kikuu, afanye nini ili apate matibabu, na apate wapi karatasi ya kuthibitisha kwamba aliugua. Mwenyekiti alicheka akasema, "Wewe na karatasi zako!" Ni kweli. Nilitumikia Serikali ya Tanzania miaka 12, na mingi kati ya hiyo niliimaliza katika masjala ya wizara mojawapo pale Dar es Salaam. Nilipohamia huku mwaka 1993 niliingia katika utumishi wa manispaa, nikastaafu mwaka 2023, na huko nako kazi yangu ilikuwa mafaili. Waswidi ni watu wa mafaili kuliko sisi. Kila barua inayoingia ofisi ya umma hupewa namba yake, na haki ya raia kuomba kuisoma imewekwa katika sheria tangu mwaka 1766. Nilipoambiwa hayo katika juma langu la kwanza la kazi, nilijiona nimefika kwetu.

Nianze na aibu yangu mwenyewe. Mwaka 1981 nilikuwa mwaka wa pili wa chuo, ambacho sitakitaja. Usiku wa kuamkia mtihani nilipatwa na malaria. Wenzangu chumbani walinisihi niende zahanati. Mimi nikakataa kwa kuhofu kuambiwa nimeogopa karatasi. Asubuhi nikavaa sweta katika joto la Machi, nikaingia ukumbini nikitetemeka. Nakumbuka kuliona swali la kwanza. La pili silikumbuki. Niliposhindwa na kwenda kujieleza, nilijibiwa kwa upole kwamba mtu akishaingia chumba cha mtihani amejitangaza mwenyewe kuwa ni mzima. Laiti ningekwenda zahanati usiku ule, ningepewa mtihani maalumu, ambao huhesabiwa kuwa ni wa kwanza. Badala yake nikarudia somo kama mtu aliyefeli, yaani nilisapu, kama wasemavyo wanafunzi, na anayesapu katika vyuo vyetu vingi hapewi zaidi ya C hata akiandika kama malaika. C ile ingali katika cheti changu.

Kanuni hiyo ya kwamba aliyeingia amekiri uzima wake haiko kwetu tu. Vyuo vingi vya Uingereza vinayo, kwa hiyo nyinyi wa Leicester isomeni katika kitabu cha mwanafunzi kabla ya mwezi wa Mei. Huko chuo ndicho kinachodai ushahidi, tena kwa fomu yenye siku ya mwisho.

Hapa Uswidi mambo yamekaa kinyume, na ndipo mtego ulipo.

Mtihani wa ukumbini hapa aghalabu ni wa saa 4 au 5, na kuingia humo lazima uwe umejiandikisha mapema. Ukiamka mgonjwa, huingii. Basi. Kwa kawaida hakuna anayekuuliza cheti. Unangoja mtihani wa marudio, unajiandikisha upya, na kutokuwapo kwako hakuhesabiwi kuwa umefeli. Tena kanuni za elimu ya juu za mwaka 1993 zinasema kwamba chuo kikitaka kuweka kikomo cha kurudia, kikomo hicho kisipungue mara 5. Kijana wetu aliyetoka Mlimani akisikia hivyo hudhani amefika peponi. Chuo hakitaki karatasi, basi karatasi ya nini? Hajui kwamba wako wengine watakaoiulizia, nao wataiulizia baada ya miezi minane, akiwa amekwisha kupona na kusahau.

Nitawasimulia yaliyompata mpwa wangu. Ameniruhusu niyaseme, ila jina nisilitaje, ingawa nyote mnamjua na ameketi safu ya tatu akiinamisha kichwa.

Alifika Stockholm Agosti 2022 kwa shahada ya uzamili ya miaka miwili. Kibali chake cha kwanza cha kukaa kilizidi mwaka mmoja kidogo, kwa hiyo aliweza kuandikishwa Skatteverket na kupata namba ya mkazi. Na mwenye namba hiyo hutibiwa kwa ada ile ile anayolipa Mswidi. (Wale wanaokuja kwa muda mfupi zaidi hawaipati, nao wategemee bima. Waulize chuo chao, mapema, imekatwa bima gani na inalipa nini.) Yaani mlango wa hospitali ulikuwa wazi kwake tangu vuli. Hakuugusa.

Mtoto huyu alizaliwa na selimundu, ambayo wengi huiita siko seli. Mundu mnaujua: ndio ule wa kukatia nyasi, na chembe za damu za mwenye maradhi haya hujikunja zikawa na umbo hilo, zikaziba njia ndogo za damu, na mwenyewe akashikwa na maumivu ya mifupa ambayo mimi niliyeyaona siwezi kuyaeleza. Baridi huyachochea. Upungufu wa maji mwilini huyachochea. Homa na uchovu vilevile. Sasa fikirini mwezi wa Januari wa Stockholm, jua linachomoza kama saa mbili na nusu asubuhi na kuzama kama saa tisa alasiri, na mwanafunzi anakesha kwa sababu muhula wa vuli hapa hufikia tamati katikati ya Januari, na mitihani iko papo hapo.

Alishikwa siku mbili kabla ya mtihani. Alijifungia chumbani siku tano, kwa Alvedon na blanketi. Mitihani miwili ikapita. Mimi nakaa mwendo wa dakika 25 kwa treni ya chini ya ardhi, na sikujua. Nilimpigia simu katikati ya siku hizo nikamwuliza hali, akanijibu, "Sijambo, Mjomba. Shikamoo."

Jambo hili la "sijambo" nataka nilikalie kidogo. Lugha yetu haina njia ya adabu ya kujibu vinginevyo. Mtu yuko kitandani, dripu mkononi, anaulizwa "hujambo?" anasema "sijambo," ndipo baada ya salamu tatu aongeze, "ila mguu tu." Sisi tunaelewa. Tunajua kuingoja hiyo "ila". Mzungu hajui. Mwezi wa Machi maumivu yalirudi, safari hii akaenda hospitali, na muuguzi wa mapokezi alipomwuliza hali, mpwa wangu akajibu kwa Kiingereza kizuri kwamba hajambo, ahsante. Alipoulizwa maumivu ni ngapi kati ya 10, akasema 4, kwa kuwa 10 aliona ni majivuno. Akakaa kwenye kiti saa nyingi, akapewa vidonge, akarudishwa nyumbani. Usiku uliofuata jirani yake wa bweni akapiga 112, gari likamchukua, akalazwa siku tisa.

Baadaye tuliomba nakala za kumbukumbu zake za matibabu, ambazo mgonjwa ana haki ya kuzisoma. Siku ile ya kwanza ya Machi imeandikwa, kwa lugha ya Kiswidi iliyonyooka, kwamba mgonjwa mwenyewe anasema hali yake ni nzuri. Nimesoma mafaili maishani mwangu, lakini mstari ule ulinichoma. Simlaumu muuguzi. Aliandika alichoambiwa.

Kwa hiyo vijana, mkiulizwa na mganga, wekeni adabu kando. Semeni: siwezi kusimama, silali tangu juzi, maumivu ni 9. Semeni jina la ugonjwa wenu kabla hamjaulizwa, kwa maana daktari wa huku huenda akapitisha mwaka mzima bila kumwona mgonjwa hata mmoja wa selimundu. Na mkiwa mmetoka Tanzania karibuni mkapata homa, tajeni safari na tajeni malaria, hata kama mnaona aibu. Asipoambiwa atafikiri ni mafua.

Nirudi kwenye karatasi. Alipopona yale ya Januari, mpwa wangu alikwenda kituo cha afya, ambacho huku huitwa vårdcentral, akaomba cheti cha siku zile tano. Daktari akamwambia: sikukuona siku hizo, nitaandikaje? Mtoto akatoka amenuna akidhani amebaguliwa. Mimi nasema, pamoja na uchungu wangu wote, kwamba daktari yule alikuwa na haki. Sisi masjala tulimfukuza mtu aliyerudisha tarehe nyuma. Cheti, au läkarintyg kama mtakavyokiita dirishani, huandikwa kwa alichokiona mganga. Usipoonwa hakuna cha kuandikwa.

Ikafika vuli ya 2023, kibali kinakwisha. Idara ya Migrationsverket, kabla ya kuongeza kibali cha mwanafunzi, hutazama kama amesonga mbele katika masomo, na pointi alizopata zimo katika Ladok, daftari la vyuo vyote, hazifichiki. Za kwake zilikuwa chache mno, kwa kuwa alikosa mitihani ya Januari na mafunzo ya lazima ya Machi. Ukieleza kwamba uliugua, wanataka cheti cha daktari. Cha Machi kilikuwapo, tena kamili, chenye tarehe ya kulazwa na ya kuruhusiwa. Cha Januari je?

Tulikaa mezani kwangu, mimi na yeye, tukafanya kazi niliyoifanya miaka 40: kupanga vipande kwa tarehe. Tukakuta kwamba asubuhi ya mtihani wa kwanza alikuwa amempelekea mwalimu wake barua ya kompyuta, mistari miwili, kwamba anaumwa na hatafika. Na mwalimu alijibu siku ile ile kumtakia nafuu. Mistari miwili, ndugu zangu! Tukaipeleka kwa daktari bingwa wa damu aliyemtibu Machi. Huyo aliandika kwamba selimundu imethibitishwa kwa vipimo, kwamba maumivu ya ghafla ndiyo tabia yake, na kwamba kwa maelezo ya mgonjwa mwenyewe alipatwa na hali hiyo Januari. Hakusema alimwona. Alisema kweli tupu, na kweli tupu ile ikiwa imeshikana na barua ya tarehe ile, ilitosha. Kibali kiliongezwa.

Lakini kilichukua miezi. Na katika miezi hiyo, akiwa hana kibali mkononi cha kumrudisha Uswidi endapo angetoka, mama yangu, yaani bibi yake, alifariki Muheza. Mimi nilipanda ndege. Yeye hakuweza. Wale mlioniuliza makaburini mbona mjukuu aliyelelewa na marehemu hakuja, na mkapokea jibu la mkato, leo nimewajibu.

Wanetu mliozaliwa hapa na mnaosoma kwa mkopo wa CSN, msidhani haya ni ya wageni tu. Nanyi mnatakiwa kupata pointi ili mkopo uendelee. Mkiugua, jiandikisheni ugonjwa kwa Försäkringskassan siku ya kwanza, msingoje mpone. Kipindi kilichokubaliwa hakiwahesabiwi dhidi yenu. Chuo hakiwafanyii kazi hiyo. Ugonjwa ukiwa mrefu, ombeni likizo ya masomo yenye kuhifadhiwa nafasi, maana maradhi ni sababu inayokubaliwa. Mwenye maradhi ya kudumu, kama selimundu, amwone mratibu wa misaada ya wanafunzi mwanzoni mwa mwaka, akiwa na cheti chake; anaweza kupewa muda zaidi wa mtihani au chumba cha peke yake. Na usiku, ukiwa hujui uende wapi, piga 1177, utazungumza na muuguzi. Masemina, maabara na kazi za vikundi vyenye mahudhurio ya lazima ni habari nyingine: mwambie mwalimu, kwa maandishi.

Niwape kisa cha zamani, kwa kuwa ndicho kilichomfanya mpwa wangu akubali kusimuliwa. Mwaka 1904 kijana wa miaka 20, Walter Clement Noel, alitoka kisiwa cha Grenada kwenda Chicago kusomea udaktari wa meno. Hazikupita siku nyingi akalazwa hospitali, kifua kinabana, hana nguvu. Daktari kijana aitwaye Ernest Irons alitazama damu yake katika hadubini akaona chembe zenye umbo la mundu, akazichora. Mkubwa wake, James Herrick, alizitangaza mwaka 1910, na hiyo ndiyo makala ya kwanza ya kitabibu ya nchi za Magharibi juu ya maradhi haya. Jina la mgonjwa halikuandikwa. Noel aliugua mara kwa mara katika masomo yake, lakini alimaliza mwaka 1907, akarudi kwao Grenada akafungua ofisi ya meno, akafariki mwaka 1916. Mgonjwa wa kwanza wa selimundu katika vitabu vya tiba, ndugu zangu, alikuwa mwanafunzi mgeni kwenye nchi ya baridi.

Kwetu maradhi haya yalikuwapo zamani sana, bila vitabu. Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha mwaka 1954 kwamba mwenye kurithi mbegu moja tu ya selimundu hukingwa kwa kiasi na malaria. Ndiyo maana imeshamiri kwenye nchi za malaria kama pwani yetu. Mwenye mbegu moja haumwi. Lakini mume na mke wakiwa nayo wote wawili, kila mimba ina nafasi 1 katika 4 ya kuzaa mtoto mgonjwa. Mimi nilipimwa mwaka jana. Ninayo. Basi wanangu wapimwe, na nyinyi mlio wa damu moja nami pimweni, hususan mnaotazamia kuoa na kuolewa. Pale Muhimbili Profesa Julie Makani na wenzake wamewafuatilia wagonjwa tangu mwaka 2004, na dawa ya haidroksiurea imewapunguzia wengi mashambulizi. Siyo tena ugonjwa wa kunong'ona.

Nasi tulinong'ona. Mpwa wangu alifika Stockholm na maagizo ya nyumbani kwamba asimwambie mtu, posa zisije zikakimbia. Ndiyo sababu hata mimi mjomba wake niliambiwa tu "ana upungufu wa damu kidogo." Dada yangu, mama yake, yuko hapa, na ni yeye aliyeniambia jana usiku: waambie.

Kisha akaniuliza swali. Kabla ya huyu, alizaa mtoto wa kiume, aliyekuwa akilia miguu usiku, mikono ikivimba, na tukasema ni jicho la watu. Alifariki kabla hajatimiza miaka minne. Dada aliniuliza ni tarehe gani. Mimi, mtu wa masjala, sikuwa nayo. Hakuna cheti cha kuzaliwa wala cha kifo, hakuna kadi ya kliniki. Dada anakumbuka kwamba ilikuwa wakati wa maembe, nami nakumbuka kwamba nilikuwa bado Dar es Salaam na nilipata habari kwa simu ya upepo siku ya pili. Mwaka tunadhani ni 1987.

Kama kuna mzee humu anayekumbuka zaidi, nitakuwa meza ya mlangoni baada ya chakula, nina daftari.